Banda, Kuku, Yai: Hesabu Tatu Zilizochanganywa Uingereza Mwaka 1988

Jumamosi ya tarehe 3 Desemba 1988, Edwina Currie, naibu waziri katika wizara ya afya ya Uingereza, alitamka mbele ya kamera za televisheni sentensi iliyomng'oa kwenye kiti chake. Alisema kwamba uzalishaji mwingi wa mayai nchini, kwa masikitiko, sasa umeingiwa na salmonella. Waingereza wakati huo walikuwa wakila mayai yapatayo milioni 30 kwa siku. Mara mayai yakaanza kudoda madukani. Mauzo yaliripotiwa kushuka kwa asilimia 60, wafugaji wakadai fidia, na wabunge wa chama chake mwenyewe wakataka aondoke. Ijumaa ya tarehe 16, wiki mbili hazijatimia, alijiuzulu. Serikali ikaahidi kununua mayai yaliyokosa mnunuzi, hadi milioni 400, na kulipia kuchinjwa kwa kuku hadi milioni 4.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mwanasiasa asiyeuchunga ulimi. Mimi nakisoma vingine. Nakiona ni kisa cha kuhesabu: nani alihesabu nini, alihesabia wapi, na kwa nini namba iliyopatikana sehemu moja haikuweza kujibu swali lililoulizwa sehemu nyingine. Banda la kuku, kuku mmoja mmoja na yai moja moja ni vitu vitatu, na kila kimoja kina hesabu yake. Sentensi ile ilizitia zote kwenye sufuria moja. Waliomjibu wakafanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Choo cha mgonjwa

Tuanze na watu, maana huko ndiko dalili zilikoanza kuonekana. England na Wales zilikuwa na mtandao wa maabara za afya ya jamii. Mtu akiharisha na kupata homa, daktari akaona haja ya kupima choo, na maabara ya mji ikaotesha bakteria wa salmonella, bakteria huyo alipelekwa Colindale, kaskazini mwa London, akatambuliwe kwa jina kamili. Jina kamili ni muhimu kwa sababu "salmonella" ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo kuna aina zaidi ya 2,500, na kwa desturi nyingi hupewa jina la mahali zilipotambuliwa kwanza. Ukipitia orodha utakutana na Salmonella Zanzibar, Salmonella Mombasa, Salmonella Kisangani, Salmonella Bukavu na Salmonella Uganda. Majina hayo hayana maana kwamba miji yetu ni michafu kuliko mingine. London nayo imo.

Aina iliyoanza kupanda ngazi ni Enteritidis. Mwaka 1981 maabara za England na Wales ziliithibitisha kwa watu kama 1,000. Mwaka 1988 walikuwa wamezidi 15,000. Aina nyingine hazikupanda kwa mwendo huo. Hapo ndipo Colindale ilipokuwa na kifaa cha ziada: faji, yaani virusi wadogo wanaoshambulia bakteria. Unachukua Enteritidis uliyemwotesha, unamdondoshea faji wa namna mbalimbali, unaangalia ni yupi anamuua na yupi anashindwa. Mpangilio wa vifo hivyo unapewa namba. Wagonjwa wengi wa miaka ile walibeba namba moja, aina ya faji ya 4.

Kazi ya namba hiyo ni kuunganisha. Mtu anayeharisha Manchester hajui kama ana uhusiano wowote na anayeharisha Bristol, na daktari wa kila mmoja anaona mgonjwa mmoja aliyekula kitu kibaya. Kwenye daftari la Colindale hao wawili, na wengine elfu kadhaa, wanaonekana kuwa watoto wa baba mmoja. Baba huyo lazima awe chakula kinacholiwa kila mji, kila siku, na kila tabaka.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba daftari hilo halikuwa na wagonjwa wote. Wengi huumwa siku tatu, wanakunywa maji, wanapona, hawaendi popote. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza mwaka 2008 na 2009 ulikadiria kwamba kwa kila mgonjwa mmoja wa salmonella anayefika kwenye takwimu za taifa kuna karibu watano kwenye jamii. Kwa hiyo 15,000 ya mwaka 1988 isome kama kima cha chini.

Chakula gani basi? Aprili 1988 watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba milipuko ya Enteritidis kaskazini mashariki mwa nchi yao ilitokana kwa kiasi kikubwa na mayai ya daraja A, yaani mayai safi, yasiyo na ufa, yaliyopita ukaguzi. Uingereza nako, watu walioumwa walipolinganishwa na wasioumwa, mayai yakajitokeza, hasa yale ya vyakula visivyoiva: mayonezi ya kutengeneza nyumbani, krimu zenye yai bichi, kiini kinachochuruzika. Agosti 1988 Mganga Mkuu wa serikali, Sir Donald Acheson, aliwaambia wananchi waache kula mayai mabichi. Hii ni zaidi ya miezi mitatu kabla ya Currie kufungua kinywa. Habari ilikuwepo, imetangazwa rasmi, na trei za mayai ziliendelea kutoka madukani kama kawaida.

Taifodi ya kuku na ndugu yake mkimya

Mfugaji wa Kibaha au Kiambu akisikia neno salmonella, kichwani mwake huja taifodi ya kuku. Anaijua vizuri. Kuku wanazubaa, upanga unapauka, kinyesi kinakuwa cha njano au kijani, na asubuhi anaokota mizoga. Bakteria wa ugonjwa huo, Gallinarum, ni salmonella kweli, na ndugu yake Pullorum huwamaliza vifaranga kwa kuhara kweupe. Wawili hawa ni maadui wa kuku na wa mfuko wa mfugaji, lakini kwa binadamu si tishio la kawaida. Taifodi ya watu nayo huletwa na salmonella mwingine kabisa, Typhi, ambaye hana makao kwa kuku. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mara nyingi mtu akiambiwa ana taifodi na jirani akasema bila kusita, "si unafuga kuku?" Kuna kichekesho kidogo hapa: Enteritidis na Typhi wanafanana kwenye sehemu moja ya ngozi yao, kwa hiyo kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi ambacho bado kinatumika sana kwetu, kinaweza kuwachanganya.

Enteritidis ana tabia tofauti na Gallinarum. Kwa kuku mkubwa anayetaga mara nyingi haleti dalili yoyote. Kuku anakula, anataga, upanga mwekundu, manyoya yanang'aa. Ndani yake bakteria wamefika kwenye ovari na kwenye mrija unaotengeneza yai, na baadhi ya mayai hupata bakteria kabla ganda halijafungwa. Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba salmonella hutoka kwenye kinyesi kilichoganda juu ya ganda, na dawa yake ni usafi. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, ila hayakutosha tena. Yai lililopakwa bakteria kwa nje unaweza kulisugua. Lililoingiliwa kwa ndani linapita mbele ya macho ya mkaguzi likiwa zuri kama yote.

Kuna dhana inayoeleza Enteritidis alitoka wapi ghafla. Inasema kwamba Uingereza na Marekani zilipofanikiwa katikati ya karne ya 20 kuwaondoa Gallinarum na Pullorum kwa kupima damu ya kuku wazazi na kuwatoa walioambukizwa, ziliacha nafasi wazi. Bakteria hao wawili na Enteritidis wana alama moja ya juu inayofanana, na kuku aliyezoea wawili wa kwanza alikuwa na kinga fulani dhidi ya wa tatu. Ngao ikaondoka pamoja na adui. Naipenda dhana hii kwa jinsi inavyokaa sawa na tarehe, lakini kukaa sawa na tarehe si ushahidi.

Mayai 11 kati ya 1,119

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Tom Humphrey, mtafiti wa maabara za afya ya jamii, alichapisha mwaka 1989 kazi ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa kisa kizima. Yeye na wenzake walichukua kuku 35 walioambukizwa Enteritidis kwa njia ya kawaida, wakachunguza ndani ya mayai 1,119 waliyotaga. Yaliyokutwa na bakteria yalikuwa 11. Asilimia moja. Na mengi ya hayo yalikuwa na bakteria wasiofika 10, tena hayakuja kwa mpangilio. Yalikuja kwa vipindi, yakikaribiana, kisha kimya.

Soma tena: kuku ni wagonjwa wote 35, na bado mayai 99 kati ya 100 ni masafi. Kama mkaguzi angeingia kwenye banda hilo akachukua trei moja ya mayai 30 akayapima, uwezekano mkubwa ni kwamba asingeona kitu na angeandika cheti. Katika banda la kawaida, ambamo kuku walioambukizwa ni sehemu tu ya kundi, angehitaji mayai maelfu. Yai ni mahali pabaya mno pa kutafutia salmonella ya kuku. Pa kutafutia ni vumbi la banda, kinyesi, maranda, na nyayo za mtu aliyepita humo.

Ukiwa na hilo mkononi, rudi kwenye sentensi ya Currie. Kama angesema makundi mengi ya kuku yameambukizwa, hoja ingekuwa ya kujadiliwa kwa vipimo vya mabanda. Kama angesema mayai mengi yameambukizwa, angekuwa amekosea mbali sana. Alisema "uzalishaji", neno lisilo banda wala yai, na kila msikilizaji alijaza anachokiogopa. Mama wa nyumbani alisikia mayai yaliyomo jikoni mwake. Wenye viwanda vya mayai walisikia hivyohivyo, na wakamjibu kwa hesabu ya yai: hatari ya yai moja ni ndogo kiasi cha kutotajika. Jibu lao lilikuwa kweli. Lakini halikugusa swali la wagonjwa 15,000.

Hatari ndogo ya yai moja, mara mayai milioni 30, kila siku ya Mungu. Tuseme kwa mfano tu kwamba yai moja kati ya 10,000 lina bakteria. Hayo ni mayai 3,000 yanayoingia majikoni kila siku. Mengi yatakaangwa au kuchemshwa yakaiva, na hadithi itaishia hapo. Lakini jiko la hoteli au la hospitali halipiki yai moja moja. Mpishi anavunja trei mbili tatu kwenye beseni moja, anakoroga, analiweka pembeni kwenye joto la jiko, anachota kidogo kidogo mpaka mchana. Yai moja lenye bakteria wanane limewapa beseni zima, na beseni limewapa saa tano za kuzaliana. Hivyo ndivyo mlipuko unavyozaliwa kutoka kwenye namba ndogo.

Ute mweupe wenyewe hauwapendi bakteria. Una kimeng'enya kinachowavunja na protini inayowanyima madini ya chuma, nao wakiwa humo hudumaa. Yai likikaa muda mrefu kwenye joto, utando wa kiini hulegea, chakula huvuja, na bakteria waliokuwa wamedumaa huanza sherehe. Ndiyo maana tarehe ya mwisho na mahali pa ubaridi vilikuja kuwa sehemu ya suluhisho, ingawa havikuwa shina lake.

Panga lililokatia pembeni

Mwaka 1989 serikali iliweka sheria za kupima makundi ya kuku wa mayai, na kundi likithibitika kuwa na aina zilizolengwa, lilichinjwa kwa lazima. Sera hiyo ilidumu hadi 1993. Watu wakategemea mstari wa wagonjwa ushuke. Haukushuka. Jumla ya wagonjwa wa salmonella waliothibitishwa na maabara iliendelea kupanda mpaka ikafika kilele mwaka 1997, zaidi ya 30,000 kwa mwaka kwa England na Wales pekee.

Kwa nini panga lilishindwa? Sababu ya kwanza ni panya. Panya wa bandani hubeba Enteritidis, na kinyesi chake kimoja kina bakteria wa kutosha kuambukiza kuku. Unachinja kundi, unafagia, unapulizia dawa, unaleta mitetea wapya wasio na tatizo, na panya walewale waliokuwa kwenye dari wanashuka usiku kuwakaribisha. Banda ndilo lililokuwa mgonjwa, na kuku walikuwa wapangaji tu. Wafugaji wetu wanaoona ugonjwa ukirudi kila baada ya kuingiza kundi jipya wataelewa ninachosema.

Sababu ya pili ni ya kibinadamu. Kipimo kinachoishia kwenye kuchinja kundi zima, hata fidia ikiwepo, ni kipimo ambacho mfugaji hana haraka ya kukifanya. Ufuatiliaji unaotegemea mtu kujiripoti mwenyewe kwa hasara yake unahesabu watu waaminifu kuliko unavyohesabu bakteria.

Sweden huletwa kama mfano wa kupinga, na ni mfano wa haki. Mwaka 1953 mlipuko uliotokana na machinjio ya Alvesta uliwaumiza watu wapatao 9,000 na kuua kama 90, na kuanzia 1961 nchi hiyo ikajenga mfumo mkali: pima, kamata, ondoa, bila chanjo. Umefanya kazi. Lakini Sweden ilianza mapema, Enteritidis akiwa hajaenea kwenye mabanda yake, na ikashika vyakula vya kuku na kuku wazazi kabla ya kitu kingine. Kuondoa kundi moja kati ya mia ni sera. Kuondoa makundi mengi kwa pamoja, huku chanzo kikiendelea kutiririka kutoka juu, ni kuteka maji kwa tenga. Nchi inayotaka kuiga Sweden inapaswa kwanza kujua iko wapi kwenye mstari huo.

Sindano na simba mwekundu

Mabadiliko yalikuja kutoka juu ya mnyororo. Mwaka 1994 kuku wazazi wa kuku wa nyama walianza kuchanjwa dhidi ya Enteritidis. Mwaka 1998 zamu ikawa ya kuku wa mayai, na Novemba mwaka huo wazalishaji wakairudisha chapa ya zamani ya simba mwekundu juu ya ganda la yai, safari hii ikiwa na masharti: kuku wamechanjwa, yai lina tarehe, na linaweza kufuatiliwa hadi shambani. Haikuwa sheria ya bunge. Ulikuwa mpango wa wenye biashara wenyewe, na maduka makubwa yalipoamua kwamba hayanunui yai lisilo na simba, mfugaji hakuhitaji polisi wa kumshurutisha. Watu walewale waliomfukuza Currie kwa hasira, miaka kumi baadaye walikuwa wakilipa gharama ya chanjo wenyewe.

Chanjo ya mwanzo ilitengenezwa kwa bakteria waliouawa, na kuna ufundi ndani yake unaonifurahisha. Bakteria hao walikuzwa kwenye mazingira yenye uhaba wa madini ya chuma, kama uhaba wanaoukuta ndani ya mwili wa kuku, ili wavae protini wanazovaa wakiwa vitani. Kinga ya kuku ikafundishwa kuwatambua wakiwa na sare zao halisi.

Chanjo haikumfanya kuku asiambukizwe kabisa. Ilipunguza bakteria anaowatoa kwenye kinyesi na wanaofika kwenye yai. Yaani iliigusa ile asilimia moja ya Humphrey, na iliugusa pia mzunguko wa kuku, kinyesi na panya.

Baada ya kilele cha 1997 mstari ulianguka, na ulianguka haraka. Miaka michache ya mwanzo wa karne hii idadi ya wagonjwa ilikuwa imepungua kwa karibu nusu, na Enteritidis aina ya faji ya 4 ndiye aliyepungua zaidi ya wote. Uchunguzi wa mayai ya madukani wa 1995 na 1996 ulikuta boksi moja lenye salmonella kati ya maboksi 100 ya mayai sita sita. Uchunguzi wa Shirika la Viwango vya Chakula uliotangazwa 2004 ulikuta boksi moja kati ya 290.

Je, ni chanjo? Profesa Sarah O'Brien, aliyeandika mapitio ya kushuka huko mwaka 2013, alionyesha jinsi tarehe za chanjo na tarehe za kushuka zinavyofuatana, na akaegemea upande wa chanjo. Lakini mambo mengi yalikuja pamoja: udhibiti wa panya, usafi wa mabanda, tarehe juu ya ganda, mafunzo kwa wapishi, Shirika la Viwango vya Chakula lililoanza kazi mwaka 2000. Hakuna aliyegawa nchi vipande viwili akachanja kimoja na kuacha kingine.

Ila bahati ilileta kitu kinachokaribia jaribio hilo. Mwaka 2002 milipuko ya Enteritidis ilizuka tena England na Wales, na maabara zikaona namba ngeni, hasa aina ya faji ya 14b. Ufuatiliaji ukaelekea kwenye mayai kutoka Hispania yaliyotumika kwenye mikahawa na majiko makubwa. Wapishi walikuwa walewale, friji zilezile, tabia zilezile za beseni. Kilichobadilika ni kuku waliotaga. Huku aina ya faji ya 4 ya nyumbani ikizidi kushuka, aina ya ugenini ilipanda. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko mchoro wowote wa tarehe, na ulipatikana kwa sababu tu watu wa Colindale hawakuacha kuuliza namba baada ya hali kutulia. Kama wangekuwa wanahesabu "salmonella" kwa jina la ukoo, wageni wangejificha ndani ya mstari unaoshuka.

Soksi juu ya buti

Baadaye Umoja wa Ulaya uliweka kanuni moja kwa nchi zote, na namna inavyotekelezwa bandani ni rahisi kuliko mtu anavyofikiri. Vifaranga hupimwa siku wanapofika. Mitetea hupimwa tena wiki mbili kabla ya kuhamia kwenye banda la kutagia. Wakishaanza kutaga, kipimo cha kwanza huja wakiwa na umri wa wiki 22 hadi 26, kisha kila wiki 15. Kwenye banda ambamo kuku hutembea sakafuni mtu anavaa soksi za kitambaa juu ya buti, anatembea banda zima, anavua, anatia kwenye mfuko na kupeleka maabara. Kwenye vizimba huchukuliwa kinyesi. Hakuna yai linalovunjwa. Kundi likikutwa na Enteritidis au Typhimurium, aina nyingine ya salmonella, mayai yake hayauzwi tena kama mayai ya mezani ya daraja A. Yanapelekwa kiwandani yakapitishwe kwenye joto, yageuke bidhaa za kuokea. Hasara ipo, lakini si ile ya kufagia kila kitu, na mfugaji ana sababu ya kupima.

Kanuni za Ulaya pia zilikataza kutumia antibiotiki kama njia ya kudhibiti salmonella kwa kuku. Kuku aliyepewa dawa hunyamaza kwenye kipimo kwa muda, bakteria hupungua bila kuisha, na waliobaki ni wale waliojifunza kuishi na dawa hiyo. Kwetu, pakiti ya unga wa dawa kutoka duka la pembejeo ndiyo huduma ya kwanza ya kila banda, na siwezi kumlaumu mfugaji aliye mbali na daktari wa mifugo. Lakini tusiite hilo udhibiti.

Hapa inafaa tahadhari kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Salmonella zisizo za taifodi huua watoto wengi kusini mwa Sahara, na kwa sehemu kubwa si kwa kuharisha. Huingia kwenye damu ya mtoto aliyedhoofishwa na malaria au utapiamlo, au ya mtu mzima mwenye VVU. Enteritidis wa namna hiyo wamechunguzwa vinasaba na kuonekana kuwa matawi ya Afrika, tofauti na yule wa mayai ya Ulaya, na kuku hawajathibitika kuwa ndio chanzo chao. Kwa hiyo kisa cha Uingereza hakiwezi kuhamishwa kwetu kama kilivyo. Mtu atakayechanja kuku wote wa Dar es Salaam akitegemea wodi za watoto zipungue wagonjwa anaweza kungoja sana.

Kinachoweza kuhamishwa ni mahali pa kushika. Mitetea ya mayai ya kibiashara katika nchi zetu hutoka kwenye mashamba machache ya kuku wazazi na vituo vichache vya kutotolesha, ilhali wafugaji wanaoipokea ni maelfu. Ningepewa soksi kumi tu za kupimia, zote ningezivalisha huko juu. Chanjo ya taifodi ya kuku si kitu kigeni pia. Kenya hutengeneza yake kupitia KEVEVAPI, taasisi yake ya chanjo za mifugo, na chanjo hai za jamii ya Gallinarum zimetumika katika baadhi ya nchi kumkinga kuku dhidi ya Enteritidis kwa sababu ya ile alama wanayofanana.

Oktoba 2017 Shirika la Viwango vya Chakula la Uingereza lilibadilisha ushauri: wajawazito, watoto wachanga na wazee wanaweza kula yai lenye chapa ya simba likiwa bichi au kiini kikiwa laini. Miaka 29 ilikuwa imepita tangu Acheson aseme kinyume chake. Ushauri huo unalihusu yai lenye simba tu, na yai lisilo na chapa, liwe la nje au la kwenye mkahawa, bado lilitakiwa liive.

Colindale nako faji walishastaafu. Tangu 2014 kila salmonella anayepokelewa husomwa vinasaba vyote, herufi kwa herufi, na mwaka huohuo njia hiyo ilisaidia kuunganisha wagonjwa wa nchi kadhaa za Ulaya na mzalishaji mmoja wa mayai nchini Ujerumani. Mwaka 2024 England ilithibitisha wagonjwa wa salmonella zaidi ya 10,000, idadi kubwa kuliko mwaka wowote wa muongo uliotangulia. Wanaosoma vinasaba hivyo wana kazi ileile ya mwaka 1988, kujua hawa ni watoto wa baba yupi, na safari hii si lazima baba awe kuku.